Maji ya Kwanza ni ya Paa

Jumatatu, 1 Juni
Bi Augustine, mwalimu wetu mkuu, ametutaka wasichana wa kidato cha tano tuandike shajara ya msimu wa mvua mpaka Septemba. "Andikeni hali ya hewa, andikeni watu," alisema, "na msijivike kilemba cha ukoka. Makosa yenu pia yaandikwe."

Naitwa Averil Quashie. Nina miaka kumi na sita. Naishi na Mama, Bibi na mdogo wangu Pearlie wa miaka sita, anayesoma shule yetu hii hii. Mama ni msaidizi wa wauguzi katika kituo cha afya. Mvua haijanyesha tangu Januari. Kisiwa chetu hakina mto wala chemchemi. Tunakunywa kile ambacho paa zetu zimekusanya. Leo ndoo ilikwaruza sakafu ya tangi letu nikasikia mpaka kwenye meno.

Jumanne, 2 Juni
Kavu.

Jumatano, 3 Juni
Dokta Compton anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kufungua tangi jipya la shule. Yeye ni Waziri wa Afya na Elimu, wizara mbili kichwa kimoja, lakini hapa hakuna anayemwita Mheshimiwa. Ni Dokta tu. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akasomeshwa kwa mchango wa kanisa na kwa mbuzi wa mama yake, akarudi akiwa daktari wa kwanza mzaliwa wa kisiwa hiki. Kwa miaka kumi na tisa hatukuwa na daktari mwingine. Mimi mwenyewe alinitoa tumboni mwa Mama nikitanguliza miguu. Bibi husema, mtu aliyeona miguu yako kabla ya uso wako hawezi kukudanganya.

Hata sasa kila Jumamosi huvuka kwa boti kutoka kisiwa kikubwa, huketi kwenye baraza ya marehemu mama yake na kutibu yeyote anayekuja. Sharti ni moja: barazani hakuna siasa. Anayekuja kuomba kazi au barabara huambiwa, "Hapa nasikiliza maumivu tu. Hayo mengine Jumatatu, wizarani." Na kila mgonjwa huondoka na karatasi ya dawa.

Nami nataka kuwa daktari. Fomu yangu ya kuomba nafasi ya kusomea ng'ambo iko mezani kwake, inasubiri sahihi ya waziri.

Jumamosi, 6 Juni
Ugali wa bamia na samaki wa chumvi. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaondoka.

Jumanne, 9 Juni
Nimechaguliwa! Ni mimi nitakayemkabidhi Dokta kamba ya kufungulia maji. Nitasema: "Mheshimiwa Waziri, kwa niaba ya shule yetu, tafadhali tufungulie maji." Nimeisema mbele ya kioo mara thelathini.

Mjomba Cosmos alinionyesha kazi yenyewe. Ni kaka yake Bibi, chumba chake kiko nyuma ya nyumba yetu, lakini kisiwa kizima humwita Mjomba. Ndiye mtunza shule na ndiye atakayelitunza tangi. Bomba la paa lina kizibo cha mbao kilichofungwa kitambaa. Kikiwa ndani, maji humwagika uani. Ukivuta kamba, kizibo kinatoka na maji yanaingia tangini.

"Sasa nijibu," alisema. "Mvua ya kwanza ikianza, unavuta?"

"Sivuti, Mjomba. Maji ya kwanza ni ya paa, ya pili ni ya kuku, ya tatu ndiyo yetu."

"Utajuaje ni ya tatu?"

"Nikitia mkono kwenye ndoo ya maji yake nikaziona kucha zangu."

Hakuna mtoto hapa asiyejua hayo. Miezi mitano ya vumbi, kinyesi cha ndege na mijusi iliyokufa vyote viko juu ya bati. Paa lazima lioshwe kwanza.

"Ijumaa ni maonyesho tu," alisema Mjomba. "Dokta atavuta, watu watapiga makofi, nami nitarudisha kizibo changu. Mbingu yenyewe kavu kama kisigino changu hiki."

Ijumaa, 12 Juni
Imenyesha.

Nitaandika kwa utaratibu. Tulikuwa watu kama mia mbili uani, wakubwa na wadogo, wazazi, mtu wa redio na chombo chake, mpiga picha wa wizara. Dokta alivaa suti ya kijivu. Aliponiona alisema, "Haa, Miguu-Kwanza! Umekua hivi?" Watu wakacheka, nami nikafurahi mpaka masikio yakawaka.

Mchungaji alikuwa katikati ya sala tone la kwanza lilipogonga bati. Halafu la pili. Halafu mvua yote, kwa pamoja, kama mtu amemwaga mawe. Watoto walipiga kelele. Mama mmoja alipiga magoti kwenye tope. Sista Ismay, muuguzi, alilia, naye halii ovyo. "Dokta ameleta mvua!" watu waliimba. "Dokta ameleta mvua!"

Mpiga picha akaita, "Sasa hivi, Dokta! Vuta sasa, maji yanaonekana nyuma yako!" Mtu wa redio akaongeza, "Boti inaondoka saa sita, Mheshimiwa."

Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Uani maji yalikuwa mekundu kama udongo wa tofali. Nilimwona Mjomba Cosmos ukutani. Aliinua mkono mpaka usawa wa bega, kama mwanafunzi anayetaka kujibu. Halafu mkono ukaendelea kwenda juu, ukavua kofia, kama tunavyofanya sote mbele ya Dokta, na akabaki ameishika kifuani.

Nilimtazama Dokta. Alitazama paa. Halafu akanitazama mimi, akanyoosha mkono.

Nikasema sentensi yangu bila kukosea hata neno moja.

Jumamosi, 13 Juni
Bado inanyesha. Tangi letu la nyumbani tulilifungua leo asubuhi, Bibi alipokwisha kuyapima maji kwa ndoo tatu. Mjomba Cosmos alikwenda kwa Bi Augustine kuomba ruhusa ya kulimwaga la shule aanze upya. Alirudi ameloa.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

"Amesema, 'Cosmos, unataka kumwaga maji aliyoyafungua Waziri? Baada ya miezi mitano ya ukame? Nitamwambia nini?'"

"Ukamjibu?"

"Nimjibu nini, dada? Aliyeyafungua ni daktari. Labda ametia dawa."

Baadaye nikamsikia Bibi akirudia jikoni peke yake, "Labda ametia dawa."

Jumatatu, 15 Juni
Mtihani wa kemia. Mvua.

Jumanne, 16 Juni
Pearlie anasema maji ya shule ni matamu, yana ladha ya mabati mapya. Alikunywa vikombe viwili.

Jumatano, 17 Juni
Watoto kumi na mmoja hawakuja shuleni.

Alhamisi, 18 Juni
Pearlie ana homa na anaharisha damu. Kwenye kituo cha afya watoto wamelazwa wawili wawili kwa kitanda, na wengine wako kwenye mikeka sakafuni. Mama anapita kati yao na beseni, hanitazami.

Saa saba mchana Dokta aliingia. Hakungoja boti ya kawaida. Alikodi mashua ya mvuvi wa kambakoche. Alivua koti akalitupa dirishani, akapiga magoti na suruali yake ya uwaziri kwenye sakafu iliyolowa. Aliifinya ngozi ya tumbo la Pearlie, nayo ikabaki imesimama kama hema. Aliutafuta mshipa kwenye mkono, akaukosa. Mkono wa pili, akaukosa.

"Mshipa wake umejificha kama mwanafunzi siku ya hesabu," alisema, na kwa kweli Pearlie alitabasamu. Akaupata mguuni. Aliishika chupa ya maji ya dripu juu ya kichwa chake mwenyewe kwa muda mrefu, maana hakukuwa na msumari.

Kabla ya jua kuzama Pearlie alikojoa. Mama alikaa sakafuni na kulia. Dokta alimshika bega. "Ismay, andika," alimwambia muuguzi. "Huyu amerudi."

Watoto thelathini na saba. Wote wamerudi. Nitamwombea Dokta maisha yangu yote.

Jumapili, 21 Juni
Kanisani tulimwombea Dokta. Mjomba Cosmos hakuja. Analisugua paa la shule, mvua inanyesha juu yake.

Jumatano, 24 Juni
Sijui niandike vipi.

Tulikuwa tunakula. Redio ilisema, sasa taarifa ya Waziri wa Afya na Elimu kuhusu ugonjwa wa watoto. Pearlie akapiga makofi: "Dokta wangu!" Halafu sauti ile ile, inayotuambia sote "Vuta pumzi, toa," ilisema kwamba wizara imechunguza. Ilisema maji ya tangi la shule yalichafuliwa kwa sababu mtunza shule, Bwana Cosmos Quashie, hakuliosha paa kama alivyotakiwa. Ilisema ataachishwa kazi kuanzia tarehe mosi Julai. Ilisema uzembe hautavumiliwa.

Mjomba alikuwa mezani nasi. Alikuwa ameshika mfupa wa samaki. Aliuweka pembeni mwa sahani, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Amenitaja jina," alisema. "Mmesikia? Amelitaja lote."

Pearlie alitutazama mmoja mmoja. Redio ikaanza kupiga muziki.

Alhamisi, 25 Juni
Nilikuwepo. Watu mia mbili walikuwepo.

Ijumaa, 26 Juni
Dukani mama wa mmoja wa watoto waliougua alimwambia Mjomba, "Cosmos, nipishe, usije ukanitilia mjusi kwenye unga." Watu walicheka. Mwanamke huyo alikuwepo uani siku ile. Ndiye aliyepiga magoti kwenye tope.

Nyumbani nilimwambia Mama, "Mimi ndiye niliyempa kamba. Nitasema."

"Utamwambia nani?"

"Mtu yeyote."

"Averil, nisikilize. Mshahara wangu, sahihi yake. Fomu yako, sahihi yake. Na mtoto huyu," alimwonyesha Pearlie aliyelala, "mkono wake. Utakwenda kumwambia nini mtu kama huyo?"

"Lakini Mjomba..."

"Mjomba ni mtu mzima. Atavumilia."

Jumatano, 1 Julai
Mjomba Cosmos amerudisha funguo za shule. Alizifunga kwenye kitambaa safi. Miaka thelathini na moja. Sasa anakaa mlangoni na kofia yake magotini, haivai. Sijalala vizuri tangu Jumatano ile ya redio. Nikifumba macho naona mkono wake unafika begani.

Jumamosi, 4 Julai
Nilipanga foleni kwenye baraza. Nilikuwa wa kumi na nne, mbele ya mzee mwenye jipu. Sikumuaga Mama.

"Miguu-Kwanza!" alisema Dokta. "Mdogo wako anakula?"

"Anakula, Dokta. Asante."

"Basi kuna nini? Kama ni fomu, unajua sharti. Jumatatu."

"Si fomu. Naumwa."

Alivaa miwani. "Unaumwa nini?"

"Silali. Na hapa," nikagusa kifua, "pamekaza."

Aliniwekea kile chombo chake baridi. Akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. "Mapafu safi. Ilianza lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Lakini alikuwa ameniuliza swali la daktari, nami nimefundishwa kumjibu daktari kwa usahihi.

"Ilianza Ijumaa tarehe kumi na mbili Juni, saa nne na nusu asubuhi, nilipokupa kamba maji ya paa yakiwa bado mekundu. Ikazidi tarehe ishirini na nne, redio ilipomtaja Mjomba Cosmos."

Nilisikia mzee wa jipu akihema.

Dokta hakuiondoa mikono yake mgongoni kwangu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua kwamba paa halijaoshwa?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu wewe ni Dokta. Nilidhani unajua zaidi."

Alizunguka akaketi mbele yangu. Uso wake ulikuwa uso nisioujua. Nilingoja aseme hakujua. Nilitaka sana aseme hakujua. Mtu wa suti, mtu wa boti na mikutano, anaweza kusahau. Ningemsamehe hapo hapo.

"Nilijua," alisema. "Nimelelewa chini ya bati kama lile. Huyo Cosmos ndiye aliyenifundisha, nikiwa mdogo kuliko Pearlie. Nilitazama paa nikajua. Nikajiambia ni dakika chache tu, tangi ni kubwa, picha ikishapigwa watalimwaga."

"Aliomba kulimwaga," nikasema. "Walikataa. Walisema ni maji yako."

Hilo hakulijua. Niliona jinsi lilivyomwingia.

Baraza zima lilikuwa linasikiliza. Alivuta kile kitabu chake cha karatasi za dawa, akaandika kwa muda mrefu, akaichana karatasi, akaikunja mara mbili.

"Mpelekee Bi Augustine," alisema. Halafu, bila kuniangalia, "Anayefuata."

Sikuifungua. Nilifundishwa kutosoma karatasi ya mtu mwingine. Njia nzima iliniunguza mkononi. Nilifikiri ni barua ya kunifukuza shule.

Bi Augustine aliisoma amesimama mlangoni kwake. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akaniambia, "Nenda nyumbani, mtoto."

Jumatatu, 6 Julai
Kengele ililia kabla ya saa. Tulipanga mistari. Bi Augustine alisimama na karatasi ya dawa, ndogo kama kiganja, akaisoma kwa sauti yake ya imla:

"Watoto waliugua kwa maji ya mvua ya kwanza. Niliyaruhusu mimi, kwa mkono wangu, nikijua. Cosmos Quashie hana kosa. Arudishwe kazini leo. E. Compton, daktari."

Hakuandika waziri.

Halafu Bi Augustine akasema, "Na mtunza shule aliniomba ruhusa ya kulimwaga tangi lile, nikamnyima. Hilo ni kosa langu mimi." Akaikunja karatasi. Hakuna mtu aliyepiga makofi. Watoto wadogo hawakuelewa, na sisi wakubwa tulikuwa tumepigwa na butwaa.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Mjomba. Nilidhani atafurahi.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua, Mjomba."

Aliizungusha kofia yake magotini mpaka chai yangu ya kakao ikapoa. "Ningependa angekuwa amesahau," alisema.

Alhamisi, 9 Julai
Redio: Waziri wa Afya na Elimu amejiuzulu. Sentensi mbili, kisha bei za ndizi.

Jumamosi, 11 Julai
"Huyo ndiye aliyemng'oa waziri wetu," mwanamke mmoja alisema dukani. "Kisiwa kimekaa miaka mia bila waziri, tumempata mmoja, kasichana kamemng'oa na kikohozi cha uongo."

"Hakikuwa kikohozi," nikasema. "Kilikuwa kifua."

Bibi alicheka sana nilipomsimulia. Mama hakucheka. Lakini usiku alikuja akanifunika shuka, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa na miaka tisa.

Jumanne, 14 Julai
Mvua. Mjomba amekubali kurudi kazini. Kofia amevaa.

Ijumaa, 17 Julai
Leo ndiyo siku ya kulisugua tangi la shule. Dokta alikuja langoni amevaa kaptula ya zamani. Amekuwa daktari wa kituo tena. Mama anasema anafika kabla ya wote.

"Mjomba Cosmos," aliita.

Mjomba hakugeuka. "Ulijua."

"Nilijua, Mjomba."

"Na ukanitaja redioni."

"Nilikutaja."

Nilisimama na ndoo yangu, sijui niitue au niibebe. Mjomba alichukua brashi kubwa, akaipima mkononi. Nilidhani atampiga nayo.

"Shuka," alisema. "Anzia pembeni."

Walisugua mpaka saa tisa. Kutoka ndani ya tangi nilisikia sauti moja tu, ikirudi na mwangwi: "Hapo hujafika, mheshimiwa. Na hapo. Na hapo." Hawakupatana, nadhani. Lakini tangi lilikuwa safi kama sahani.

Jumanne, 18 Agosti
Wiki ya tatu bila tone. Vumbi limelala juu ya kila kitu. Matokeo yamekuja: nimefaulu masomo yote, kemia kwa alama ya juu kabisa. Fomu yangu imehamishiwa kwa waziri mpya. Mama anasema nisali na ninyamaze.

Jumatatu, 7 Septemba
Waziri mpya alikuja kufungua muhula na tangi. Ni mtu mpole, mwenye sauti nzuri, kutoka kisiwa kikubwa ambako maji hutoka mlimani kwa mabomba. Alinishika mkono. "Averil Quashie? Jina lako nimeliona. Faili yako iko juu ya meza yangu."

Mama alisikia. Niliona anafumba macho.

Mawingu yalikuwa yamesimama tangu alfajiri. Saa nne ikanyesha. Watu walishangilia, ingawa kidogo kuliko mara ile. Mjomba Cosmos alitoka ukutani akaniwekea kamba mkononi. "Leo wewe ndiye mwenye kusema," alininong'oneza. Halafu akarudi ukutani.

Nyuma kabisa, kati ya wazazi, Dokta alisimama kwenye mvua bila mwavuli.

Waziri alinyoosha mkono. Mpiga picha alipiga goti. Uani maji yalikuwa yakishuka mekundu, yakibeba majani na manyoya.

"Tayari, binti?" aliuliza Waziri.

"Bado, Mheshimiwa."

Alicheka, akadhani nina haya. Alitazama saa yake. Tulisimama. Maji yalianza kugeuka, yakawa rangi ya chai.

"Sasa je? Boti inaningoja."

Watu mia mbili walinitazama. Nilitia mkono mmoja kwenye ndoo iliyokuwa chini ya bomba. Sikuziona kucha zangu.

"Bado," nikasema.